Hitaji ni Nomino

Mwezi uliopita, siku ya soko, mvua ya Tukuyu ikiwa imeshika kama ilivyo desturi yake, walinijia nyumbani wasichana watatu wamejifunika mfuko mmoja wa nailoni. Wakaniamkia kwa adabu, wakakaa, wakanywa chai, na baada ya kuzunguka mbuyu kwa muda mkubwa wakaeleza shida yao. Wanaimba pamoja tangu walipokuwa sekondari. Kijana mmoja mwenye studio ya chumba kimoja karibu na stendi amewatengenezea mapigo ya muziki wa hausi, ule wa ngoma inayodunda bila kupumzika, nao wamepewa wiki tatu waje na wimbo.

"Sauti tunazo, Mwalimu," alisema mkubwa wao. "Maneno ndiyo hatuna."

Nakiri kwamba jibu lililonijia kwanza halikuwa la kiungwana. Mimi ni mtu wa tarbia na tathlitha. Nimefundisha vina na mizani katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na kabla ya hapo katika sekondari. Nilitaka kuwaambia kwamba muziki wa namna hiyo hauhitaji maneno, unahitaji miguu. Kilichonizuia ni karatasi moja ya mwaka 2006, ambayo siku hizi naikumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Mwaka huo niliwapa wanachuo wangu kazi ya kuhakiki fani na maudhui katika wimbo wowote wa Afrika Mashariki. Wengi waliniletea nyimbo za kwaya na za dansi la zamani, kwa kuwa walijua mwalimu wao anapenda nini. Binti mmoja akaniletea "Hitaji", wimbo wa kikundi cha wasichana watatu wa Kampala walioitwa Blu*3. Niliisoma kazi yake kwa kalamu nyekundu mkononi. Chini ya jina la wimbo nilipiga mstari na kuandika: "Kitenzi hakina kiambishi cha nafsi. Nani anahitaji? Sarufi mbovu tangu jina." Sikuendelea mbali sana baada ya hapo. Alama nilizompa zilikuwa za kumwambia asirudie.

Blu*3 ni akina nani? Wasomaji wengi wa umri wangu hawakuwafuatilia, na vijana wa leo huwajua kwa vipande tu. Mwaka 2004 shindano la Coca-Cola Popstars lilizunguka Kenya, Uganda na Tanzania likitafuta waimbaji wa kuunda kikundi kimoja kwa kila nchi. Kenya ikatoa Sema, ambamo alikuwamo Sanaipei Tande. Sisi tukatoa Wakilisha: Witness, Shaa na marehemu Langa Kileo. Uganda ikatoa wanawake watupu: Jackie Chandiru, Lilian Mbabazi na Cinderella Sanyu, ambaye wengi humwita Cindy. Vikundi viwili vya kwanza havikudumu, na waimbaji wake wakatawanyika. Wasichana wa Kampala ndio waliokaa pamoja kwa miaka kadhaa, wakaimba ya mapenzi ya taratibu na ya kuchezeka pia, mpaka mwaka 2008 Cindy alipojitoa na nafasi yake kushikwa na Mya Baganda. Baada ya muda si mrefu kikundi kikazimika, kila mmoja akashika njia yake. Hawakuwa waimbaji wa hausi kwa maana kamili ya neno, lakini walisimama katika jengo hilohilo: sauti za wanawake juu ya mapigo ya mashine, maneno machache yanayorudiwa, na ukumbi uliojaa watu waliokuja kucheza.

Mshairi atatambua umbo. Ubeti wa tathlitha una mishororo mitatu, wala hakuna mshororo unaobebwa na wenzake. Ukitoa mmoja si tathlitha tena. Ukiupachika mwingine mahali pake vina vinaweza kukubali, lakini sikio hujua. Sisemi hivyo kumdunisha Mya Baganda, ambaye aliingia mahali pagumu na kuimba vizuri. Nasema tu kwamba kikundi cha sauti tatu hakina akiba.

Tulirudie jina la wimbo, maana hapo ndipo nilipokosea na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Kitenzi "hitaji" ni cha mkopo kutoka Kiarabu; hakiishii kwa irabu a kama vitenzi vya Kibantu. Ndiyo maana kikiwa peke yake, bila kiambishi, mwalimu mwenye haraka hukiona katika hali ya kuamrisha, kama "fikiri" na "samehe". Hitaji! Hitajini! Nani amewahi kumwamrisha mwenzake ahitaji? Upuuzi, nikasema, na kalamu ikafanya kazi. Lakini "hitaji" ni nomino pia, ya ngeli ya LI-YA: hitaji hili, mahitaji haya. Nomino hiyo sisi wenyewe tunaiandika kila siku katika barua za ofisi, "mahitaji ya shule", "mahitaji ya wanafunzi", bila kujiuliza kiambishi cha nafsi kiko wapi. Mwaka uleule wa shindano, 2004, ndipo toleo la pili la Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI lilipotoka. Kamusi hiyo ilikuwa juu ya meza yangu. Sikuifungua, kwa sababu sikuwa na shaka, na mtu asiye na shaka hafungui kamusi.

Yule binti alikuwa ameliandika hilo katika ukurasa wake wa pili, ukurasa ambao niliupitia juujuu tu. Aliandika kwamba hitaji hapa ni jina la kitu alicho nacho mwimbaji, kama mtu anavyoweza kuwa na homa au deni. Sijapata kuona uhakiki mfupi uliokwenda moja kwa moja namna ile, nami niliuona miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nikisafisha kabati kabla ya kustaafu na kuikuta nakala yake katikati ya mitihani ya majaribio.

Kwa nini jambo hili lina uzito zaidi ya aibu yangu binafsi? Tukumbuke Kiswahili kilikuwa nini nchini Uganda. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na amri ile ilikuja na sauti ya jeshi. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani: simama, shuka, toa, lala chini. Ni lugha iliyoishi katika hali ya kuamrisha. Mzee mmoja jirani yangu hapa Rungwe, aliyekwenda Uganda na jeshi letu katika vita vya 1979, aliwahi kunisimulia kwamba akisalimia kwa Kiswahili kijijini watu walifunga mlango kwanza, kisha ndipo walipochungulia kuona salamu inatoka upande upi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Marekebisho ya mwaka 2005 ndiyo yaliyokiongeza Kiswahili kama lugha rasmi ya pili, tena kwa sharti kwamba kitumike katika mambo ambayo Bunge litayaweka kisheria. Mpaka Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni, miaka kumi na saba ilikwisha kupita.

Katikati ya hofu hiyo na kujivuta huko wanatokea wasichana watatu wa Kampala. Chandiru ni jina la watu wa West Nile, upande ambao Kiswahili si mgeni. Wenzake wawili wametoka katika lugha nyingine. Wangeweza kuuita wimbo wao kwa Kiingereza au kwa Kiganda na wakapendwa vilevile. Wanachagua neno la Kiswahili, na neno lenyewe si la amri, ni la mtu aliyepungukiwa. Mashirika, mabunge na mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki vimezungumza sana juu ya namna ya kukipeleka Kiswahili Uganda. Mimi naamini kwamba wimbo mmoja uliochezwa katika kumbi za Kampala na jina lake likatamkwa na vijana bila woga ulifanya sehemu ya kazi hiyo mapema kuliko maazimio mengi. Siwezi kulipima jambo hilo kwa rula, lakini nimefundisha lugha vya kutosha kujua kwamba neno huingia kwa mtu pale anapolitaka.

Tazama tena majina ya vikundi ndugu, msomaji mwenzangu. Sema. Wakilisha. Wakenya na sisi, wenye Kiswahili chetu, tulijitambulisha kwa vitenzi vya kuamrisha. Waganda, waliokijua Kiswahili kwa amri, ndio walioleta nomino ya unyonge. Sidai kwamba walipanga. Lugha mara nyingi hutusemea tusiyoyapanga.

Hapa niseme neno kuhusu sisi wa huku nyanda za juu kusini. Wengi wa rika langu tulizaliwa katika Kinyakyusa. Kiswahili kilitujia kupitia ubao na fimbo, kwa hiyo tunakiheshimu kama sheria: tunakijua zaidi kwa makosa yanayokatazwa kuliko kwa raha inayoruhusiwa. Mtu wa Unguja aliyekinyonya kwa mama yake angelisikia jina "Hitaji" na kuendelea na safari. Mimi nilisikia mwanafunzi aliyesahau kiambishi. Siandiki haya kujitetea, ila kueleza kwamba kalamu nyekundu nayo ina ukoo wake, na mabinti wa Kampala walikuwa jamaa zangu kuliko nilivyojua: nao walikipokea Kiswahili kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yao akitoa amri.

Sasa nije kwenye lawama, na lawama hii ni kwa washairi, nikiwamo. Tumewaacha waimbaji hawa wapite bila kuandikwa. Waandishi wa magazeti ya burudani waliandika nguo zao, wapenzi wao na ugomvi wao. Nani ameandika matini yao? Nani amekaa akaandika kwa Kiswahili safari ya Blu*3 tangu 2004, akahesabu mizani ya vibwagizo vyao, akauliza nani alitunga, nani alitafsiri, kwa nini mshororo fulani umegeuka Kiingereza katikati? Wenyewe wako hai na wanafanya kazi. Cindy amekuwa mwimbaji mkubwa wa jukwaani na aliwahi kuwa rais wa chama cha wanamuziki wa Uganda. Lilian Mbabazi aliunda bendi ya The Sundowners. Jackie Chandiru alitoa nyimbo zake mwenyewe zilizovuma. Watu wa kuulizwa wapo, waulizaji ndio hatupo.

Na si hao tu. Nairobi kulikuwa na kikundi cha wasichana watatu kilichoitwa Tatuu. Tazama kilivyoichukua namba yetu na kuivuta irabu ya mwisho mpaka ikawa jina la kuimbika. Mwalimu wa fonolojia angepata somo zima humo. Mmoja wao, Angela Ndambuki, alikuwa mwanasheria, akaja kuongoza PRISK, chama cha haki za waimbaji na waigizaji nchini Kenya. Sanaipei Tande wa Sema alikuja kuimba "Mfalme wa Mapenzi", wimbo unaonukia taarabu na mwambao. Shaa wa Wakilisha alitupa "Sugua Gaga", na kama kuna mshairi aliyewahi kuyafikiria magaga ya miguuni kuwa taswira ya mtu anayecheza mpaka visigino visuguliwe na sakafu, mimi simjui. Tungeliona hilo katika diwani ya mshairi mwenye jina tungeliandikia makala tatu.

Watakuwapo watakaosema kwamba nyimbo za kucheza hazina maneno ya kuhakikiwa, kwamba ni sentensi moja inayorudiwa mpaka watu wachoke. Hoja hiyo naijua vizuri kwa kuwa niliifundisha. Nyingine ni kweli ni tupu, na sitamshawishi mtu avumilie upuuzi kwa sababu una ngoma nzuri. Lakini kurudia si kosa katika utanzu wetu. Kibwagizo ni nini kama si mshororo unaorudi? Tofauti ni kwamba katika shairi la kimapokeo kibwagizo kinarudi baada ya mishororo mitatu ya kazi, na katika hausi kibwagizo ndicho ubeti mzima. Hapo neno hupata mtihani ambao washairi wengi hatujawahi kuupitisha maneno yetu: je, likirudiwa mara ishirini bado lina kitu ndani yake? Maneno mengi ya diwani zangu yasingefika mara ya tano.

Huko muziki huo ulikozaliwa, Chicago, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika klabu ya Warehouse ambako Frankie Knuckles alikuwa mpiga santuri, mara nyingi sauti ya mwanamke ndiyo ilikuja kubeba jambo zima, na mara nyingi mwanamke huyo hakutajwa. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Martha Wash. Yeye na mwenzake Izora Armstead walianza kwa jina la Two Tons O' Fun, wakiitikia nyuma ya mwimbaji Sylvester, kisha wakawa The Weather Girls na kutoa "It's Raining Men" mwaka 1982. Ilipofika karibu na mwaka 1990 sauti ya Martha Wash ilikuwa inatikisa dunia katika nyimbo za Black Box na za C+C Music Factory, lakini katika video alionekana mwanamke mwingine, mwembamba, akifungua na kufunga mdomo. Mama yule alikwenda mahakamani. Kesi zake ndizo zilizosaidia kuyalazimisha makampuni ya santuri kutaja jina la mwenye sauti.

Nimelileta jambo hilo la mbali kwa sababu sisi wenyewe hatuna usafi wa kumcheka mtu. Angalia jinsi tunavyozinukuu nyimbo za wanawake katika vitabu vya fasihi simulizi. Wimbo wa kubembeleza mtoto, wa kutwanga, wa harusi, wa unyago: chini yake tunaandika "wimbo wa jadi" na jina la mwanamume aliyeukusanya. Mimi nimekusanya nyimbo za akina mama wachuma chai wa huku Rungwe, nikazitumia darasani kwa miaka, na katika madaftari yangu yote hakuna jina hata moja la mwimbaji. Niliandika mahali, niliandika tarehe, niliandika hali ya hewa. Jina la aliyeimba sikuliona kuwa ni taarifa.

Na tulikuwa na mfano mwema tangu zamani! Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeingia mjini Unguja akiuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kundi lake, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Ni nani aliyemwandika? Ni Shaaban Robert. Mshairi aliyekuwa juu ya washairi wote wa zama zake hakuona kwamba anajishusha kuandika Wasifu wa Siti binti Saad. Tunakifundisha kitabu hicho kama mfano wa wasifu, tunauliza maswali ya muundo na mtindo, na hatujawahi kukisoma kama agizo kwetu. Kule Unguja kuna Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake watupu kilichoanzishwa na Bi Mariam Hamdani, ambamo wanawake wenyewe wanapiga fidla na ganuni badala ya kuimba tu mbele ya wapigaji wanaume. Wameishi, nami nadhani sababu moja ni kwamba taarabu imezungukwa na watunzi. Mwimbaji akikosa shairi leo anajua mlango wa kubisha. Mabinti wa muziki wa kucheza hawana mlango huo. Waliokutanishwa na shindano walipewa sauti, nguo na jukwaa, na maneno wakajitafutia.

Ndiyo sababu sikuwafukuza wale watatu waliokuja na mvua. Niliwauliza wanataka kuimba juu ya nini. Wakatazamana. Mdogo wao, ambaye hakuwa amesema lolote, akasema anataka wimbo wa mtu anayeomba afunguliwe mlango, lakini asionekane mnyonge. Nikamwambia jambo hilo ni gumu. Akajibu, "Ndiyo maana tumekuja kwako, Mwalimu."

Usiku ule nilitunga tathlitha, nikaiandika kwa mwandiko mzuri kama ya mtihani. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Naomba siamurishi, mlango nifungulie,
Na mvua haiishi, baraza nikimbilie,
Hitaji halinitishi, jina langu lisalie.

Mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho viko mahali pake. Niliridhika, na sitaficha kwamba nilijisomea mara mbili kwa sauti. Nilikuwa na beti nyingine saba nyuma yake.

Siku ya tatu walinialika studio. Chumba kimetandikwa magodoro ukutani kuzuia kelele za mabasi yanayoshuka Kyela, na kijana mwenye mashine aliniamkia bila kuvua vifaa vyake vya masikioni. Wakaimba. Beti zangu saba hazikuwamo. Ubeti wa kwanza ulikuwamo nusu: walikuwa wamechukua ukwapi na kuuacha utao. Naomba siamurishi, ngoma. Na mvua haiishi, ngoma. Hitaji halinitishi, ngoma. Mahali pa mizani nane nilizozitolea jasho palikuwa na mapigo ya mashine. Nilianza kuhesabu kwa vidole gotini, kwa mazoea tu, nikakuta mapigo yenyewe ni manane kamili.

Nikauliza kwa nini wamekata. Mkubwa wao akaeleza kwa upole, kama anayemweleza babu yake jambo la simu, kwamba mtu anayecheza anahitaji mahali pa kuvuta pumzi. Wakati wa kuchapa jina la wimbo kwenye mashine, yule kijana akauliza aandike nini. Wakasema "Hitaji". Nikawaambia kuna wimbo wa jina hilo tayari, wa akina dada wa Kampala, na wakati mvua inapungua nikawasimulia habari za Blu*3 kwa kadiri ninavyozijua. Hawakuwahi kuwasikia. Kijana akautafuta wimbo kwenye simu, tukausikiliza sote tumesimama, wao wakitikisa vichwa na mimi nikifikiria ukurasa wa pili wa kazi ya yule binti, ambaye sasa ni mwalimu katika sekondari moja ya upande wa Kyela. Wakaamua wabadili jina.

Nimempelekea yule mwalimu barua na nakala ya kazi yake, na kwa wino wa bluu nimeandika pembeni alama nilizopaswa kumpa na neno moja la sarufi: nomino. Bado hajajibu.

Wimbo wa watatu wetu umekwisha kurekodiwa. Kwenye jalada nimeomba yaandikwe majina yao yote matatu kamili, na langu chini kwa herufi ndogo, mtunzi wa nusu ubeti. Katika utao wote nilioutunga wamerudisha maneno mawili tu, "jina langu", ambayo yule mdogo anayaimba peke yake mwishoni wakati ngoma inafifia. Anayarudia mara 12. Nilitaka kumwambia kwamba ni nyingi mno, nikanyamaza.